Kuchagua Hema la Safari Ndefu ya Miguu: Mwongozo kwa Mtu wa Mombasa

Ukiingia dukani kutafuta hema la kubeba mgongoni, utaulizwa mambo mawili: una pesa ngapi, na mtalala wangapi. Hutaulizwa unakwenda wapi, mwezi gani, wala hema litakaa wapi ukisharudi. Na hayo matatu ndiyo yanayoamua kama hema litakufaa.

Mahema mengi ya safari yamebuniwa kwa hali ya hewa ya Ulaya na Marekani. Huko hema hupimwa kwa baridi na kwa gramu. Sisi wa pwani tuna adui mwingine, naye ni unyevu. Usiku hutunyima usingizi, na hema likishakunjwa likawekwa kabatini, unyevu uleule huendelea kula kitambaa. Ndiyo maana hapa naitanguliza hewa, kisha kitambaa, na uzito unakuja nyuma, ingawa wapanda mlima wengi watakuambia uanze na uzito.

Hatua ya 1: Andika njia kabla ya kuandika bei

Chukua karatasi uandike safari unazotarajia kufanya kweli, si zile za kuota. Kwa anayeondokea Mombasa, nyingi huangukia katika hali tatu.

Kuna ufuo na nyanda za pwani: kutembea kaskazini kuelekea Kilifi, Watamu na Malindi, kusini kupitia Diani na Msambweni, au kupanda Shimba Hills. Huku joto la usiku halishuki sana chini ya nyuzi 20, hewa imejaa maji, upepo una chumvi, na chini ni mchanga au mwamba wa matumbawe.

Kuna milima ya wastani. Unapanda treni Miritini mpaka Voi, unaingia Wundanyi, na kutoka hapo vilima vya Taita viko mbele yako hadi kilele cha Vuria, mita 2,208. Au unavuka mpaka wa Tanzania pale Lunga Lunga, unapita Tanga na kupanda Usambara, ambako watu hutembea kutoka Lushoto mpaka Mtae kwa siku kadhaa. Huku utakutana na ukungu, manyunyu na umande wa kulowesha viatu.

Halafu kuna Mlima Kenya, ambako kambi za Shipton's na Mackinder's ziko kwenye mita 4,200 hivi. Kilimanjaro siiweki kwenye hesabu ya kununua: huko hupandi bila kiongozi mwenye leseni, njia ya Marangu ina vibanda, na kwenye njia nyingine kampuni inayokupandisha kwa kawaida huja na mahema yake.

Sasa piga hesabu. Kila ukipanda mita 1,000, joto hushuka kwa takriban nyuzi 6. Usiku wa Mombasa wenye nyuzi 24 unakuwa kama 11 ukiwa Vuria, na chini ya sifuri ukiwa Shipton's. Hakuna hema moja linalokaa vizuri kote huko. Rai yangu: nunua hema la pwani na milima ya wastani, kwa kuwa ndiko utakakokwenda mara kwa mara, na Mlima Kenya ukifika ukodishe Nairobi, Nanyuki au Naro Moru. Hema la baridi kali lililonunuliwa kwa safari moja ya mlimani litakaa Mombasa likiharibika bure.

Andika na mwezi. Masika huanza mwishoni mwa Machi na Mei ndiyo mwezi wa mvua nyingi zaidi. Vuli huja Oktoba na Novemba. Kusi huvuma kwa nguvu Juni mpaka Agosti, na kaskazi kuanzia Desemba mpaka Machi huleta usiku wa joto usio na mvua nyingi. Anayesafiri Januari na anayesafiri Mei hawahitaji hema la namna moja.

Hatua ya 2: Tazama hewa inapita wapi

Mtu aliyelala hutoa mvuke usiku kucha kwa pumzi na jasho. Kitambaa cha hema, kikitazama mbingu wazi, hupoa kuliko hewa iliyomo ndani. Mvuke ukigusa kitambaa hicho baridi unageuka maji. Wengi huamka wakadhani hema limevuja, wakaenda kulalamika dukani, kumbe maji yametoka kwao wenyewe.

Hema la kuta mbili lina chumba cha ndani cha neti na paa la nje lililotenganishwa nacho kwa nafasi. Maji hukusanyika upande wa ndani wa paa, yanateremka mpaka chini, nawe uliye ndani ya neti hayakugusi. Hema la ukuta mmoja ni jepesi zaidi na husifiwa sana na wanaotembea katika nchi kavu. Kwa pwani yetu silishauri kabisa. Ukigeuka usingizini bega likigusa ukuta, umelowa, na mfuko wa kulalia umelowa pia.

Cha kukagua ni hiki. Chumba cha ndani kiwe neti kuanzia magotini kwenda juu, isipokuwa kama mlimani ndiko kwako, maana huko neti tupu hupitisha upepo na vumbi, na nusu kitambaa ni bora. Milango iwe miwili inayotazamana, ili upepo wa bahari uingie huku utokee kule. Paa liwe na madirisha ya juu yenye kijiti cha kuyashikilia wazi hata mvua ikinyesha. Na jambo ninalolipa uzito kuliko mengine: chumba cha ndani kiweze kusimama peke yake bila paa. Usiku wa kaskazi usio na wingu, unalala ndani ya neti tupu ukiona nyota, na tofauti ya joto ni kubwa mno. Kuna mahema ambayo chumba kimeunganishwa na paa moja kwa moja. Hayo ni mazuri kwa kusimamisha katikati ya mvua, lakini Februari huko Watamu utayachukia.

Tazama na matundu ya neti. Neti ya kuzuia mbu peke yake haizuii usubi, na karibu na mikoko ya hori kama ile ya Mtwapa usubi ndio utakaokusumbua jioni. Iwe na matundu madogo sana, ya kiasi kwamba ukiiweka mbele ya uso unaona upande wa pili kama kuna moshi mwepesi. Malaria ya pwani si jambo la kubahatisha: neti iliyochanika kona moja ni sawa na kutokuwa na neti.

Lebo ikisema hema ni la "misimu mitatu", jua kwamba misimu hiyo ni ya kwao: machipuko, kiangazi na vuli ya Ulaya. Kwetu maana yake ni hema linalofaa karibu kila mahali isipokuwa kwenye theluji. La "misimu minne" limezibwa kuhifadhi joto. Liache.

Hatua ya 3: Pima mwili wako, usipime maandishi

Hema la "watu wawili" mara nyingi ni la watu wawili waliolala ubavu kwa ubavu bila kugeuka. Godoro la kawaida la safari lina upana wa sentimita 51, na yako mapana ya 64. Magodoro mawili mapana yanataka sakafu ya sentimita 128, nayo mahema mengi hupungua kuelekea miguuni. Chora sakafu ya hema kwa chaki sebuleni, kwa vipimo vilivyoandikwa, ulale hapo na mwenzako. Aliyezidi futi sita atafute urefu wa sentimita 220 au zaidi, maana kuta huinama na miguu itagusa kitambaa. Kwa kimo, keti kitako, upime kutoka sakafuni mpaka utosini, uongeze upana wa kiganja. Kwenye joto letu, nafasi ni hewa. Anayetembea peke yake anaweza kuchukua hema la wawili akavumilia uzito kidogo wa ziada.

Kibaraza cha mbele, ile sehemu ya paa inayofunika nje ya mlango, kiweze kumeza shanta na viatu.

Hatua ya 4: Kitambaa na mpako wake

Hapa ndipo mtu wa Mombasa hana budi kuwa mkali kuliko mnunuzi wa Nairobi.

Mapaa mengi hufumwa kwa nailoni au poliesta, kisha hupakwa kitu cha kuzuia maji. Mpako unaoenea zaidi, hasa kwenye mahema ya bei nafuu na ya kati, ni wa poliyurethani. Unafanya kazi vizuri ukiwa mpya, lakini joto na unyevu huuvunja polepole, na kasi yake huongezeka hema likifungwa likiwa na majimaji. Dalili zake ukizijua huzisahau. Unafungua mfuko, harufu kali ya uchachu inakupanda puani. Unavuta kona ya paa na tabaka mbili zinaachana kwa sauti ya gundi. Unapitisha kidole upande wa ndani, kinanata, na vipande vyeupe vinapukutika kama magamba. Hema hilo limekwisha. Kulifua hakulirudishi.

Mpako wa silikoni hauharibiki kwa njia hiyo. Nailoni au poliesta iliyopakwa silikoni pande zote mbili hustahimili hewa yetu kwa miaka zaidi. Tatizo lake ni kwamba mishono haishiki utepe wa kuziba, kwa hivyo huenda ukaiziba mwenyewe, nitaeleza namna. Mahema mengine yana silikoni upande wa nje na poliyurethani ndani, nayo ni ya kati kwa kati. Muulize muuzaji swali moja tu: ndani ya paa pamepakwa nini? Asipojua, tafuta lebo au ukurasa wa kiwanda.

Kati ya nailoni na poliesta, kwa pwani mimi nachagua poliesta. Nailoni ni imara zaidi kwa uzito uleule, lakini hunywa maji ikalegea, na usiku wa manane inakubidi utoke kuziwamba upya kamba. Poliesta hailegei sana, na huvumilia jua vyema zaidi. Jua letu si la kuchezea: hema likiachwa limesimama ufuoni mchana kutwa, wiki baada ya wiki, kitambaa huchakaa mpaka kinachanika kwa mkono. Kipo kitambaa cha tatu, cha Dyneema, chepesi sana na kisichonywa maji wala kulegea, lakini bei yake ni ya mtu anayetembea kwa miezi.

Kuna namba mbili kwenye lebo. Ya kwanza ina herufi D, mfano 20D au 68D: hiyo ni uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000, yaani inakuambia unene wa uzi. Paa la 20D mpaka 40D linatosha ukilitunza; sakafu itakayolazwa juu ya matumbawe ningependa iwe 40D au zaidi. Ya pili iko kwa milimita, mfano 1,500 au 3,000. Inaeleza kimo cha maji ambacho kitambaa hustahimili kabla ya kupenyeza. Kwa paa, 1,200 hadi 1,500 huhimili mvua ya kawaida, nami kwa masika ningetaka 2,000. Sakafu iwe 3,000, kwa sababu goti la mtu aliyepiga magoti hukandamiza maji kuliko mvua inavyofanya. Usipumbazwe na hema la 5,000 au 10,000: mara nyingi hiyo ni poliyurethani nene, nzito, ile ile itakayonata.

Hatua ya 5: Fito, vigingi na ardhi

Fito za fibaglasi ni nzito na hupasuka kwa urefu zikitoa nyuzi zinazochoma vidole. Za alumini ni nyepesi, zikipinda hunyooshwa. Chagua alumini, ila ujue chumvi huzila: ukitoka ufuoni zifute kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi yasiyo ya chumvi, hasa kwenye maungio.

Hema linaloweza kusimama kwa fito zake lenyewe lina faida kubwa kwetu, kwani mwamba wa matumbawe haupokei kigingi na mchanga haukishiki. Mahema yanayosimamishwa kwa fimbo za kutembelea ni mepesi sana, lakini uhai wake wote uko kwenye vigingi. Kwenye udongo wa Taita yatasimama vizuri. Ufuoni wakati wa kusi utakesha.

Hata hema linalosimama lenyewe linahitaji kufungwa, la sivyo upepo utalibeba. Mchangani, fanya hivi: jaza mchanga kwenye mfuko wa nguo au gunia dogo, funga kamba ya hema shingoni mwa mfuko, chimba shimo la kina cha kutoka ncha ya vidole mpaka kiwiko, lifukie, kisha kanyaga juu kwa kisigino mpaka pashindiliwe. Vuta kamba kwa pembe kuelekea kwenye hema, si kwenda juu. Hapo halitoki. Kwa matumbawe, funga kamba kwenye mawe mazito na uikague mahali inapogusa ncha kali, kwani jiwe hilo hukata kama wembe.

Na kwa kuwa tuko kwenye habari ya mahali: usilale chini ya mnazi hata kama kivuli kinakuita. Nazi moja au kuti moja linatosha kumaliza safari. Muembe na mkanju ni afadhali, tena mti hupunguza umande kwenye paa. Ufuoni ulizia wavuvi bamvua ni lini, kwa sababu maji makuu hupanda zaidi ya mita tatu na mstari wa mwani ulioukuta asubuhi unaweza kuvukwa usiku. Makaya ya Wamijikenda, misitu yao mitakatifu, si mahali pa kupiga kambi. Penye kijiji piga hodi kwa mzee wa mtaa kwanza, na ndani ya hifadhi lala palipotengwa tu.

Hatua ya 6: Sasa uzito

Lebo huandika uzito mara mbili. Mdogo ni wa chumba, paa na fito peke yake. Mkubwa ni wa kila kitu, pamoja na vigingi, kamba na mifuko, na huo ndio utakaoubeba. Ukiweza, pima kwa mizani ya kuning'iniza ya wauza samaki, usiamini karatasi.

Hema zuri la kuta mbili la mtu mmoja ni kilo 1 hadi 1.5, la wawili kilo 1.5 hadi 2.5, ambazo mnagawana, mmoja akibeba paa na mwingine chumba na fito. Yale ya dukani ya bei rahisi hufika kilo 3 na kuendelea. Kanuni ya kawaida ni shanta zima lisizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili: mwenye kilo 70 abebe 14, na kwenye joto la pwani lita nne za maji zimeshachukua nne. Kwa hiyo uzito ni muhimu, sikatai. Ila ukilazimika kuchagua kati ya gramu 300 na mlango wa pili, chukua mlango.

Hatua ya 7: Kukagua kabla ya kulipa

Hema jipya la kuagiza lina lebo na dhamana. La mtumba, ukibahatika kulikuta Kongowea, linaweza kuwa bora kuliko jipya la bei hiyohiyo, lakini likaguliwe lote, si kona inayoonyeshwa. Mwambie muuzaji kwa heshima, "Ami, naomba nilifungue lote nilitazame," na akikataa, shukuru uondoke.

Anza na pua. Harufu ya uchachu, rudisha. Pitisha kidole ndani ya paa lote na sakafu ukitafuta unato. Liinue juani uone vitundu vya mwanga, halafu fuata mishono kwa macho: utepe ukiwa umeanza kubanduka, mpako uko njiani. Fungua na kufunga kila zipu mara kadhaa. Kishikio kikipita bila kuunganisha meno, fundi anaweza kukibadilisha kwa bei ndogo. Meno yakiwa yameng'oka, zipu nzima itashonwa upya. Unganisha fito zote, zihesabu, na ukague kama mpira unaopita ndani yake kuziunganisha bado unavuta. Hema lisilo na fito zake, usilichukue kwa bei yoyote, kwani kupata zenye urefu uleule ni kazi.

Hatua ya 8: Lijaribu nyumbani

Lisimamishe uani au juu ya dari, kwanza mchana, kisha usiku kwa taa ya kichwani. Ziba mishono kama ni hema la silikoni: nunua kwenye duka la hadwea silikoni safi ya kuzibia vioo, izimue kwa tapentaini mpaka iwe laini kama uji mwepesi, upake mishono ya nje kwa brashi ndogo na uache usiku kucha. Hema la poliyurethani lina gundi yake tofauti. Silikoni haishiki humo.

Kisha mwagia maji kwa mpira wa bustani kwa nusu saa mtu akiwa ndani na tochi, akifuata mishono. Mwisho lala humo usiku mmoja wa joto, paa likiwa limefungwa kama kuna mvua. Ukishindwa kulala hapo uani, hutalala Kilifi, na bado una muda wa kulirudisha dukani.

Hatua ya 9: Kuliweka Mombasa

Ukitoka safari, likung'ute mchanga, hasa kwenye zipu, uzisugue kwa mswaki mkavu. Lioshe kwa maji baridi na sabuni kidogo ya kipande. Dawa ya kufulia ya unga na mashine ya kufulia zote huharibu mpako. Lianike kivulini penye upepo, siyo juani, siku mbili ikibidi, mpaka mishono na mikanda ya vigingi ikauke kabisa, kwa kuwa hapo ndipo unyevu hujificha.

Usilihifadhi kwenye mfuko wake wa kubana. Tia ndani ya foronya kubwa ya pamba, lilegee, uliweke juu ya kabati la chumba chenye feni au dirisha linalofunguliwa, mbali na ukuta unaotoa unyevu wakati wa masika. Kila baada ya miezi miwili, hata kama hukusafiri, litoe, lifungue, lipigwe na upepo wa asubuhi saa chache, ulikunje kwa mistari tofauti na ya mwanzo, kisha ulirudishe.